Ilivyokutwa Kabla ya Kuguswa

Kiwandani walimwita Bi Nukta, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtu akimwambia tangi limefika nusu, yeye huuliza, "Nusu na nukta ngapi?" Mpishi wa kantini akimwambia chai itakuwa tayari baada ya dakika kumi, humuuliza vivyo hivyo, uso mkavu, mpaka mpishi akazoea kumjibu "kumi nukta tatu" na kumwekea kikombe cha kwanza. Alikuwa fundi wa vipimo. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha mafuta ya kupikia, chenye matangi saba yaliyojipanga uani, na chini ya kila tangi, karibu na sakafu, palikaa kifaa cha ukubwa wa ngumi mbili kiitwacho transmita. Ndani yake mna ngozi nyembamba ya chuma inayohisi uzito wa mafuta yaliyo juu. Ikishauhisi, kifaa hutuma umeme kidogo kwa waya hadi chumba cha mitambo, na huko msimamizi husoma kwenye kioo tangi limejaa asilimia ngapi. Tangi likiwa tupu, umeme huo ni miliampia nne. Likijaa pomoni, ishirini. Katikati ya namba hizo mbili Bi Nukta alikuwa amemaliza miaka kumi na tisa, na hakuwahi kulalamika.

Nyumbani jina lilimfuata. Mumewe alikuwa fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, na jioni mkewe akiingia na kusema amechoka, yeye humuuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Umechoka nukta ngapi?" Naye hutaja namba. Saba nukta mbili. Nane nukta sita. Siku ya tisa nukta tisa mume huacha kushona, akaenda kumchemshia maji ya kuoga. Ndivyo walivyopendana, na si kila mtu ana haja ya mashairi.

Mume huyo alifariki. Aliugua siku kumi na moja tu, akaondoka, akamwacha mkewe na cherehani na sketi ya shule ya bluu iliyokuwa bado chini ya sindano, mshono umefika nusu. Mwenye sketi alikuja kuiulizia mara tatu, na mara zote tatu Bi Nukta alimwambia aje wiki ijayo. Hakuwa amekataa kuitoa. Ilikuwa tu kila akikaribia pale mkono haunyanyuki.

Msibani hakulia. Majirani walimsifu, wakasema amejikaza, mwanamke chuma. Hakujikaza hata kidogo. Alikuwa akikingoja kilio kama mtu anavyoingoja chafya, mdomo wazi, na chafya haikuja. Siku ya tisa tangu mazishi alirudi kazini, akavaa ovaroli yake, akapanda ngazi zake, akasaini karatasi zake. Chai ilikuwa kitu cha moto tu mdomoni. Watu walipomuuliza habari alijibu nzuri, na hilo huwezi kumlaumu, sote tumelelewa hivyo: mtu nyumba imemuungulia na bado hujibu nzuri kwanza, ndipo habari ya moto ifuate nyuma. Ila kwake nyuma hakikufuata kitu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwa mazishi na hakuondoka. Wakaishi wawili, mmoja kafiwa na mume, mwingine kafiwa na mwana, na hawakulizungumza. Kila jioni bibi yule alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, akauliza, "Habari za kazi, mwanangu?" Bi Nukta akajibu, "Nzuri, mama. Za hapa?" Naye akasema za hapa nzuri. Kisha wakala, wakaosha vyombo, wakazima taa. Miezi miwili ilipita hivyo, na ukiniuliza mimi, watu wawili hawawezi kudanganyana kwa adabu kuliko ile.

Sasa kulikuwa na mwana wa pili, mdogo wa marehemu. Huyu alikuwa msimamizi wa matangi palepale kiwandani. Kwa kuwa Bi Nukta alimwita shemeji mbele za watu, kiwanda kizima kikamwita Shemeji, mpaka meneja, ambaye hakuwa na undugu naye hata wa kuchanjiana. Shemeji zamani alikuwa mtu wa maneno, akiingia kantini vijiko vinaacha kugonga sahani ili watu wasikie leo ana lipi. Baada ya kaka yake kufariki maneno yalimkauka. Usingizi wa nyumbani ukamkataa, ukaanza kumvizia mchana. Zaidi ya mara moja watu walimwona amesinzia mezani, kijiko mkononi, wali haujaguswa. Wote waliliona hilo, na baadaye wote walilikumbuka.

Jumatatu, saa tisa kasoro dakika ishirini alasiri, tangi namba tano lilifurika. Tangi hilo kwa kawaida halijazwi kupita nusu, lakini siku hiyo mashine za kukamulia zilikuwa karibu kusimamishwa wiki nzima kwa matengenezo, kwa hiyo ikaamriwa lijazwe. Mafuta yalipanda mpaka mdomoni, yakashuka kwa nje, yakatandaa uani hadi kwenye mfereji. Mlinzi wa lango alikimbia kwenda kuangalia, akateleza, akavunjika kifundo cha mkono. Ilikuwepo kengele ya kuonya tangi linapojaa, lakini ilikuwa imekufa zaidi ya mwaka mmoja nyuma, na barua ya kuombea nyingine ilikuwa imekaa kwenye meza ya mtu mpaka ikawa sehemu ya meza. Watu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta ni mabaya zaidi, hata pa kusimama uyazoe hapapatikani.

Meneja alipofika chumba cha mitambo alimkuta Shemeji kwenye kiti chake, na akasema amemkuta amelala. Shemeji alisema alikuwa macho, na kioo kilikuwa kikisoma themanini na kitu, hakijafika tisini ambapo pampu huzimwa. Akaulizwa themanini na ngapi. Hakukumbuka. Kioo ni cha kizamani, hakihifadhi kitu, na daftari huandikwa kila saa inapotimia, na saa tisa ilikuwa bado. Basi shauri likapangwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Ikionekana alilala kazini, anatoka langoni siku hiyohiyo mikono mitupu. Alikuwa na watoto watatu na hakujua kazi nyingine ila matangi.

Jumanne uani palioshwa kwa mvuke wa moto, sakafu na matangi na kila kilichoshika mafuta. Jumatano meneja akamwagiza Bi Nukta aipime transmita ya tangi namba tano. Hakuwa na wasiwasi na majibu. Alimwambia athibitishe tu kwamba kifaa ni kizima, ili faili likamilike.

Bi Nukta alikuwa na sheria moja ambayo kila aliyepita mikononi mwake aliimeza kabla ya kushika bisibisi. Karatasi ya kupimia ina safu mbili, moja imeandikwa Ilivyokutwa, ya pili Ilivyoachwa. Ya kwanza inajazwa kabla hujagusa chochote, hata kama kifaa kimepotoka kiasi cha kutia aibu. "Ukiletewa mgonjwa," alizoea kuwaambia, "usimwoshe uso kwanza ndipo uulize alikujaje." Na alikuwa na jambo jingine lililompa sifa. Mwaka mmoja waliletwa mafundi wa kukodi, wakapima vifaa arobaini kwa siku mbili, wakaleta karatasi zinazong'aa: nne kamili, nane kamili, kumi na mbili kamili, kumi na sita kamili, ishirini kamili, kifaa baada ya kifaa. Bi Nukta alizisoma tatu za juu, akazichana zote arobaini mbele ya meneja. Alisema zimeandikwa mezani. Chombo kilichoguswa kweli hakikosi nukta zake, na karatasi iliyonyooka namna ile ni ya mtu ambaye hakufika. Mafundi wale hawakuonekana tena, na meneja alikisimulia kisa hicho kwa kila mgeni kana kwamba aliyechana ni yeye.

Basi Jumatano alichuchumaa chini ya tangi namba tano. Alifunga vali, akaitenga transmita na mafuta, akaifungia pampu ndogo ya mkono yenye geji ya kupimia msukumo, akaunga mita yake kwenye waya. Pampu ile huidanganya transmita: ukisukuma kidogo inadhani tangi limefika robo, ukiongeza inadhani nusu, hivyo hivyo mpaka kujaa. Akaanza na tupu. Mita ikasoma 4.02. Akaandika. Robo, ilipotakiwa kusoma nane, ikasoma 7.46. Nusu, 10.91. Robo tatu, 14.36. Kujaa, ilipotakiwa kusoma ishirini, ikasoma 17.81 na ikatulia hapo. Alishuka nayo tena hatua kwa hatua hadi tupu, na namba zilirudi zilezile.

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani. Tangi likiwa tupu kifaa kinasema kweli, na kadiri linavyojaa kinazidi kupunguza. Ndiyo maana hakuna aliyegundua, kwa kuwa tangi lile kwa kawaida halipandishwi kupita nusu. Na siku lilipopandishwa, mafuta yakiwa mdomoni kabisa, kioo kilisema themanini na sita nukta tatu. Themanini na kitu. Shemeji alikuwa macho.

Ilimpasa afurahi. Alijua hivyo, kama unavyojua leo ni siku gani. Alizungushia mduara ile 17.81, hakugusa skrubu ya kurekebishia, akakusanya vyombo vyake.

Fundi mzuri akikuta kosa hutaka kujua lilianza lini, kwa hiyo alienda ofisini kutafuta karatasi ya kipimo kilichotangulia. Alijua tangi lile lilioshwa kwa mvuke miezi miwili nyuma, usafi wa kila mwaka, na kwamba mvuke ukipita kiasi huichosha ile ngozi ya chuma. Baada ya usafi huo ni lazima kifaa kipimwe upya. Kilipimwa. Karatasi ilikuwepo kwenye faili, imetobolewa vizuri, haina hata doa. Nne kamili. Nane kamili. Kumi na mbili kamili. Kumi na sita kamili. Ishirini kamili. Kupanda na kushuka, Ilivyokutwa na Ilivyoachwa, namba ishirini zilizonyooka kama rula. Chini sahihi yake. Tarehe, siku aliyorudi kazini kutoka msibani.

Aliitazama muda mrefu akijaribu kuikumbuka siku ile. Alichopata ni kwamba kiti cha ofisini kilikuwa baridi. Ngazi ya tangi namba tano hakuiona popote kwenye kumbukumbu, wala pampu, wala mita. Alikuwa amekaa mezani, na mikono iliyoizoea kazi miaka kumi na tisa ikaandika namba ambazo kifaa kizuri hupaswa kutoa. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wake wa kawaida. Aibu aliijua iko mahali fulani, kama mtu anavyojua ana funguo kwenye mkoba bila kuzishika. Akairudisha karatasi kwenye faili, akaenda kunawa.

Alhamisi jioni Shemeji alikuja kumwona mama yake. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakitazama chakula, hakukila. Alimweleza mama kwamba wenzake wamemshauri akubali kosa. Anayekubali huhurumiwa, pengine atapelekwa kufungasha katoni badala ya kufukuzwa. Mama akamuuliza kama kweli alilala. Hapo kijana, ambaye si kijana tena, ana mvi mbili tatu, alisukuma sahani kando kidogo.

"Labda nililala, mama. Siku hizi sijui hata ninapolala na ninapoamka. Nikifumba macho namwona kaka, nikifumbua bado namwona. Wote wanasema nililala. Watu wote hao watakuwa waongo?"

Shemeji akamgeukia mke wa kaka yake.

"Shemeji, kile kifaa umekikutaje?"

Jibu lilikuwa mdomoni, zima, na namba zake zote. Lingemrudishia Shemeji akili yake usiku huohuo. Bi Nukta akasema matokeo yatasomwa kesho. Shemeji akaitikia kwa kichwa, akasema sawa, utaratibu ni utaratibu, akavaa viatu akaondoka. Usimtafutie udhuru. Hata yeye baadaye hakujitafutia. Hakuwa akiogopa, wala hakuwa akipanga kuficha. Kulisema jambo lile kulihitaji kusimama mahali ambapo mtu anahisi kitu, na pale alikuwa hajafika kwa miezi miwili. Mama mkwe alimtazama kwa muda, kisha akafunika chakula cha mwanawe kwa sahani.

Ijumaa saa nne walikuwa watano chumbani: meneja, mkuu wa utumishi ambaye ndiye aliyeandika, katibu wa wafanyakazi, Shemeji, na Bi Nukta. Shemeji alivaa shati jeupe lenye kola iliyonyooka sana. Bi Nukta aliutambua mshono ule hata kabla hajakaa.

Alisoma karatasi yake ya Jumatano kwa sauti ya kawaida, namba moja baada ya nyingine, akaeleza kwamba kifaa kilivyokutwa, tangi likijaa kabisa, kioo husoma themanini na sita. Katibu wa wafanyakazi alijiweka sawa kitini. Meneja hakubabaika. Alisema hilo halimshangazi, Jumanne tangi lilipigwa mvuke mchana kutwa, na mvuke ndio ulioharibu kifaa. Kinachotakiwa kujulikana ni hali yake Jumatatu, na hilo lina ushahidi. Akafungua faili, akaisukuma mbele ile karatasi ya miezi miwili nyuma.

"Hii hapa. Kifaa hakina kasoro hata moja," alisema. "Na aliyeipima ni Bi Nukta mwenyewe, ambaye wote hapa tunajua hakosei."

Njia ilikuwa wazi, na Bi Nukta aliiona. Alichotakiwa ni kukaa kimya tu. Amesema kweli kuhusu alichokikuta, hakuna ambaye angemdai zaidi. Shemeji naye alikuwa ameanza kusimama, ameshika ukingo wa meza, amevuta pumzi kama mtu aliyekariri maneno njia nzima na anaogopa yatamtoka.

"Mimi nakubali kwamba siku ile..."

"Kaa kwanza, shemeji," Bi Nukta akasema.

Shemeji akakaa. Bi Nukta aliivuta karatasi mpaka mbele yake, akaweka kidole juu ya namba ya kwanza.

"Karatasi hii ni ya uongo. Niliiandika mezani. Kwenye tangi sikufika."

Meneja aliuliza, kwa sauti ya upole iliyomshangaza kila mtu, kama ana hakika, maana pengine amesahau tu. Bi Nukta akamwambia azitazame namba. Nne kamili, nane kamili, mpaka mwisho, mara nne. Akamwambia kwamba angeletewa hizo na mafundi wa kukodi angezichana, na yeye meneja angewashikia mlango watoke. Meneja akazitazama. Alikuwa amekisimulia kisa kile mara nyingi mno asiweze kujifanya hakielewi.

Mkuu wa utumishi aliacha kuandika, akauliza kwa nini.

"Ilikuwa siku ya tisa tangu nimzike mume wangu," Bi Nukta akasema. Akafikiri kidogo. "Hiyo si sababu. Ni tarehe. Sababu sina."

Waliambiwa wasubiri nje, kisha wakaitwa ndani tena. Bila karatasi ile hapakubaki ushahidi kwamba Jumatatu kifaa kilikuwa kizima, na themanini na kitu ya Shemeji ilisemwa kabla ya mvuke wa Jumanne. Shemeji anarudi kazini Jumatatu. Bi Nukta anawekwa kando na vipimo vyote mpaka apate barua. Kwa sasa atakaa stoo, ahesabu boliti. Alitoa ufunguo wa kabati la vyombo, akauweka mezani. Kabla hajatoka aliuliza mkono wa mlinzi unaendeleaje. Akaambiwa bado uko kwenye plasta, na wiki sita zijazo hatafunga mwenyewe hata kifungo cha shati. Akasema atakwenda kumwona. Alipenda kusema samahani yake akiwa amesimama mbele ya mtu.

Kwenye korido Shemeji alikuwa ameegemea ukuta.

"Kumbe sikulala," alisema, kama anayepewa habari za mtu mwingine. Akajifuta uso kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, vilevile alivyokuwa akifanya kaka yake joto likizidi. Akarudia tena polepole kwamba hakulala. Kisha kitu kikamjia usoni.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nikaenda nyumbani hivyo."

Bi Nukta hakutengeneza udhuru. Shemeji alimtazama kidogo, bila hasira ya kutosha kupiga kelele, akatangulia kutoka nje. Hakumngoja langoni kama alivyokuwa akimngoja siku zote.

Mchana ule Bi Nukta alihesabu boliti. Mia nne na kumi na mbili, na hakuna aliyetaka nukta. Jioni alitembea hadi nyumbani kwa njia yake ya kila siku, akapita duka la vitambaa na karakana ya baiskeli. Muuza duka akamuuliza habari akiwa anafagia kizingiti. Bi Nukta alifungua mdomo kusema nzuri, akakuta neno limekwama. Akanyanyua mkono tu, akapita.

Mlango ulikuwa wazi. Viatu vya Shemeji havikuwepo, lakini kikombe alichonywea kilikuwa bado mezani, kwa hiyo mama mkwe alikwishasikia yote. Hakuwa amekaa kwenye kochi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha cherehani, mahali ambapo tangu msiba hakuna aliyekaa, mikono mapajani, sketi ya bluu mbele yake iko vilevile ilivyokuwa. Bi Nukta alisimama mlangoni. Alidhani ataambiwa afungashe vitu vyake, na akaona ingekuwa haki. Mwanamke yule alikuwa amebakiwa na mwana mmoja tu, na huyo nusura apotezwe kwa karatasi.

"Habari za kazi, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

Bi Nukta alisimama na mkoba wake begani.

"Mbaya, mama."

Bibi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza muda mrefu. Akainamisha macho kwenye sindano. Katika miaka yote hakuwahi kutania mtu nyumbani mle. Utani ulikuwa wa mwanawe, yeye alikuwa akiusikia akiwa mgeni, kutoka chumba cha pili.

"Mbaya nukta ngapi?"

Bi Nukta akatafuta namba. Aliitafuta kwa dhati, kama anavyotafutwa mtu aliyepotea sokoni, na namba haikupatikana. Kilichokuja ni sauti ambayo hakuitambua kuwa yake. Alilia palepale mlangoni, mkoba begani, viatu miguuni, na mama mkwe hakumnyamazisha. Aliinuka, akaenda kumchemshia maji ya kuoga.